Fundo la Arobaini na Mbili

"Sitoki hapa mpaka hilo fundo la arobaini na mbili litolewe," Nzisa, mama mzee, alisema, akasimama kati ya Gordon na ukuta wa michoro.

Ukumbi wa Umoja ulikuwa umejaa walimu wa hisabati waliokuja kuzindua toleo jipya la jedwali la Kilonzo, lililoandikwa "marehemu Kilonzo" jaladani, lenye michoro ya mafundo mia moja ya kamba, kila moja tofauti na mengine. Gordon, mwenyekiti wa kamati, alimweleza kwa upole kwamba jedwali hilo limetumika kufundishia kwa miaka arobaini, na kwamba Kilonzo ni fahari ya mitaa yetu ya Eastlands. Mtu hawezi tu kutoka soko la Kariokor na mfuko wa kamba za ngozi akaja kulirekebisha.

Nzisa hakuketi. Alisema fundo hilo na la arobaini na moja ni fundo moja.

Eve, mwalimu aliyechora upya michoro yote, alihesabu mbele ya watu. Kila mchoro ulikuwa na mapishano kumi ya kamba. Lakini ukihesabu yanayopinda kulia, kisha ukatoa yanayopinda kushoto, mmoja ulibaki na nane, wa pili kumi. Namba tofauti, mafundo tofauti. Kilonzo mwenyewe aliandika hivyo.

"Alikosea," Nzisa alisema. "Hiyo ni namba ya mchoro. Si ya fundo."

Minong'ono ikapanda. Gordon, sasa bila upole, akamwambia aone haya; marehemu hawezi kujitetea.

Nzisa alitoa kamba, akaifunga kwa kufuata mchoro wa kwanza, akaziunga ncha zake kwa gundi. Akampa Eve ashike upande mmoja. Akavuta, akapindua kitanzi juu ya kitanzi, bila kukata popote. Robo saa ilipita, na hakuna aliyetoka. Kisha akailaza kamba mezani.

Eve aliilinganisha na mchoro wa pili, pishano kwa pishano. Akarudia.

"Ni lenyewe," akasema.

Hatimaye Gordon akakubali, kwa shingo upande, kwamba itabidi sahihisho lichapishwe. Akafungua kalamu, akauliza liwekewe jina la nani.

"Nzisa Kilonzo," mama alisema. "Na pale mlipoandika marehemu, pafuteni pia. Niko hai."