Jani la Madini Gizani

Jani la madini, jembamba kuliko ganda la kitunguu, lilipopigwa na jua ndani ya chupa ya maji, mrija uliotoka chupani ulitapika viputo kwenye glasi ya maji pembeni. Maprofesa waliokuja kupima kama mvumbuzi wake anafaa uprofesa wakapiga makofi. Daktari Mkangara, aliyehangaika miaka kumi na tisa kuyafundisha madini kazi ya majani ya mti, yaani kupasua maji kwa nguvu ya jua, akashusha pumzi.

“Hongera, mama. Sasa lifunike,” alisema Profesa Shebughe, asiyecheka hata akitekenywa. “Likiendelea kutoa viputo gizani, basi si jua linalolilisha, ni madini yanayooza tu. Na uprofesa usahau.”

Loo! Jani hili jipya, kwa pupa, Mkangara alikuwa hajalijaribu gizani.

Akaifunika chupa kwa kitambaa cheusi. Viputo vikakoma. Akaanza kutabasamu. Halafu mdomoni mwa mrija kiputo kimoja kikachungulia, kikavimba, kikang'ang'ania pale pale, na Profesa Shebughe akainama kuangalia kama kitabanduka.