Gari Jekundu la Ngiri

Hebu fumbeni macho, mwone gari kuukuu limeegeshwa uani kwa Ngiri. Lilikuwa la marehemu baba yake. Mama Ngiri alitaka kitu kimoja tu: Jumamosi apelekwe na gari hilo kwa dada yake mgonjwa, ng'ambo ya kilima.

Ngiri hakujua kungoja. Siku hiyo hiyo alinunua rangi nyekundu.

Jirani yake Kuchakulo, ambaye hakuchoka kuuliza, akachungulia chini ya gari. "Kaka Ngiri, sakafu umeikagua? Naona kutu."

"Sakafu ataiona nani? Nitatandika zulia."

"Mama atakaa juu yake."

"Wewe na maswali yako! Ungekuwa fundi, tusingefika popote."

Ngiri akapaka rangi, akashona viti, akafunga honi mpya. Jumamosi gari liling'aa mpaka kuku wakajitazama humo. Mama akapanda nyuma na kikapu chake cha ndizi. Ngiri akawasha, gari likanguruma na kutikisika.

"Umekaa vizuri, mama?"

Ngiri akageuka, akapigwa na butwaa. Aliona masikio mawili tu. Sakafu ilikuwa imekatika, na mama yake ameketi juu ya udongo, humo humo ndani ya gari, ndizi zimemzunguka.

"Mwanangu," mama akauliza taratibu, "ulianza na nini?"

"Rangi, mama."

Mama akaokota ndizi zake, akashika njia ya kilima kwa miguu. Ngiri akamfuata na kikapu.

Wanangu, nawaomba mkumbuke hili moja: kabla hamjafungua kopo la rangi, inueni zulia.