Ndege ya Polepole kutoka Maskati

Kutoka Maskati hadi Kuala Lumpur ilikuwa dakika arobaini tu kwa ndege mpya za kasi, na sheria ilisema mwendo usiofika saa moja si safari. Kwa hiyo Zuwena alipofiwa na mama yake, msimamizi wake hospitalini Kuala Lumpur hakumpa ruhusa ya msiba.

"Nenda ukazike," alimwambia. "Jioni uingie zamu."

Zuwena alikwenda Maskati. Yeye na dada yake Salha walimwosha mama yao, wakamvisha sanda, na jeneza likatoka baada ya sala ya adhuhuri.

"Hata hitima hukai, mdogo wangu?" Salha aliuliza.

"Sheria hiyohiyo inasema aliye angani hahesabiwi mtoro," alijibu Zuwena. "Narudi na ndege ya zamani, ile inayokaa angani saa saba nzima."

Msimamizi alipopiga simu, Zuwena alimjibu vivyo hivyo, kwa utulivu, akakata.

Alidhani ndege itakuwa tupu. Alikuta kimebaki kiti kimoja, pembeni ya mzee aliyemtazama, kisha akamuuliza taratibu, "Umefiwa na nani?"

"Mama," alisema Zuwena, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza.

"Mimi mke wangu," alisema mzee, akampa leso.

Katikati ya safari rubani alitangaza kwamba upepo unawasukuma, watatua mapema. Hakuna aliyefurahi. Bibi mmoja wa kiti cha mbele alimshika mhudumu mkono.

"Mwanangu," alisema, "mwambie apunguze mwendo."