Jina la Arobaini

Sahihi ya thelathini na moja Naomi aliiandika kwa mkono wa kushoto, ili isifanane na ya thelathini.

Mvua ya Julai ilikuwa ikipiga mabati ya ukumbi. Viti arobaini vya plastiki vilikuwa vitupu, na kreti za soda zilikaa mlangoni bila hata chupa moja kufunguliwa. Kampuni iliyomwajiri ilipewa kazi ya kukusanya maoni ya watu wa Eldoret juu ya kanuni mpya: kila mahali pa kazi penye maegesho ya magari kumi au zaidi patenge nafasi mbili za kuchajia magari ya umeme. Kikao chenye watu chini ya arobaini hakihesabiki. Hiki kilikuwa cha tatu kupangwa, na bosi alishasema hakutakuwa na cha nne, wala kazi kwa atakayeshindwa.

Basi Naomi akajaza mwenyewe listi ya waliohudhuria: majina, namba za simu na sahihi. Aliandika majirani, wanakwaya, mashemeji, msusi wake wa Langas. Alipofika thelathini na tisa, kichwa kikakauka. Jina la arobaini lilikuja lenyewe: Mzee Gichuru wa Timboroa, baba yake. Namba yake ya simu aliijua kwa kichwa. Kalamu ilisita, maana mzee huyo hakuwa mtu wa kuvumilia uongo. Utotoni alimtembeza Naomi kilomita tatu kurudisha peremende moja dukani. Lakini aliandika.

Kanuni ingepita kimya kimya kama si Amos, fundi wa kuchomelea vyuma. Uwanja wa karakana yake unatosha magari kumi na moja, na matatu kati ya hayo hayajawaka tangu yaletwe. Alifika ofisini kwa kina Naomi na ovaroli yake iliyotobolewa na cheche.

"Madam, ule uwanja niliumwagia kokoto na hii mikono yangu. Saa hii naambiwa nitoe paking mbili za gari sijawahi ona. Nani aliniuliza?"

"Kulikuwa na kikao, Mzee."

"Kikao gani? Karakana yangu inaangaliana na huo ukumbi. Hiyo siku sikuona mtu."

Naomi aliinamisha macho. Ukweli ulikuwa palepale kwenye ulimi, na akaumeza kwa woga. Alimwonea Amos huruma, na yeye mwenyewe alijionea aibu.

Amos akaandika malalamiko. Mkaguzi wa nje, Wabuge, akapewa ile listi ampigie simu kila aliyetajwa, na listi ikionekana ya uongo, Naomi hana kazi na kanuni haipo. Naomi akawahi kuwapigia kabla ya mkaguzi.

"Ukiulizwa, sema ulikuja," aliwaomba, mmoja baada ya mwingine.

"Sasa Naomi," Angeline, yule msusi, akacheka, "mimi hata baiskeli sina, eti nilienda kutetea gari ya stima?"

Lakini alikubali. Wote walikubali, na kila aliyekubali alimzidishia Naomi uzito kifuani. Mtu mmoja kudanganya ni jambo lake. Sasa alikuwa amewafundisha kazi hiyo watu thelathini na tisa.

Baba yake hakumpigia. Jumapili alipanda kwenda Timboroa mwenyewe. Mama yake alimpa shuka la kujikinga na baridi, akawaacha wawili hao peke yao kule mwisho wa shamba. Naomi akakaa kwenye nyasi, akamsimulia baba yake yote: mvua, mkono wa kushoto, Amos na kokoto zake. Alipokuwa akizungumza, vidole vyake vilinyofoa magugu yaliyokuwa karibu. Mzee hakusema neno. Hakusema neno hata Naomi alipoanza kulia, na kimya hicho kilimchapa kuliko kiboko chochote cha utotoni.

Jumatatu asubuhi aliandika barua ya kukiri kila kitu, akaikunja, akaenda nayo kwa Wabuge.

"Karibu, karibu!" Wabuge alikuwa ameinamia listi, akitia sahihi kando ya jina la mwisho. "Umenipata nikimaliza. Watu wako wote arobaini nimewapata kwa simu, na wote wamesema walikuwa. Yule fundi sasa atajua hajui."

Barua ilikuwa imeshatoka nusu mkobani.

"Wote?" Naomi aliuliza. "Hata huyo wa mwisho?"

"Mzee Gichuru? Huyo ndiye alinifurahisha kabisa. Tumeongea jana dakika kumi nzima. Anasema alikaa mbele, maoni yake yakaandikwa, ila soda ilikuwa baridi sana kwa ile mvua."

Naomi akaketi kabla ya kuambiwa aketi.

"Amesema hivyo? Yeye mwenyewe?"

"Na mdomo wake. Huyo ni mtu mkweli, Naomi. Unamsikia tu kwa sauti."

Wabuge akamsogezea listi ajionee. Wino wa sahihi ulikuwa bado mbichi, na Naomi aliutazama ukikauka kando ya jina la baba yake, ambaye walimzika kule mwisho wa shamba mwezi wa tatu.