Utulivu wa Asubuhi

Mlango uligoma kufunguka. Fundi cherehani mzee aliusukuma kwa bega, akacheka.

"Mama watoto, leo umenizibia kwa gunia? Nimeshamaliza, nipe chai."



Kila asubuhi alijifungia chumbani, akafumba macho na kuifuata pumzi yake. Hasira zilimharibia ujana, naye alitaka kuzeeka vizuri. Mkewe alimtania, "Mume wangu kaoa ukuta," lakini ndiye aliyemwonya kila mtu nyumbani kwamba mlango ule ukifungwa hapigi hodi mtu.

Alisukuma tena, akapenya kwa ubavu.

Mkewe alikuwa amelala sakafuni, shavu limegusa mlango, kanga imemshuka begani. Mzee alipiga magoti, akamwita kwa jina la usichana wake, jina ambalo hakulitaja miaka mingi. Alimshika mkono, ulikuwa mzito na wa baridi. Akauinua karibu na macho yake, ambayo bila miwani hayakuona mbali. Chini ya kucha kulikuwa na rangi ya buluu, rangi ya mlango.

Binti yao aliingia mbio kutoka bombani, akamwangukia mama yake, akalia. Kisha akamshika baba yake bega.

"Baba, hakukuita jamani?"

"Sauti haikumtoka. Alikwaruza mlango."

"Ulimsikia?"

"Nilisikia. Nikavuta pumzi, nikaiacha sauti ipite, kama nilivyojifunza."

Binti aliuondoa mkono wake taratibu.