Nahodha wa Mezani

Mzee Mshamu hakuwa na mke, wala mtoto mwingine ila Zawena, wala imani na Faki, mume wa Zawena.

"Baba, kipupwe hiki sote watatu tunakodi yoti, mashua ya matanga, tunazunguka visiwa vya volkano," alisema Faki, akitandaza ramani mezani. "Nahodha mimi mwenyewe."

"Umejifunzia wapi?"

"Baba, usianze!" Zawena alicheka.

Faki alipuliza chembe ya mkate iliyokaa kwenye njia yao ramanini. Haikuondoka. Mzee alivaa miwani: ulikuwa mwamba uliochorwa.

Aliirudisha miwani mfukoni, maana mkwe haaibishwi mbele ya mkewe. Walipoondoka, alimwandikia mwenye yoti: "Tupe nahodha wako. Mwambie Faki ni sheria yenu."

Akalamba bahasha, akaifunga, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta. Vidole vyake vilibaki tunduni, kana kwamba vingeweza kuivuta tena.