Sufuria Mbili za Botelho

"Leo mna mbili, shemeji," alisema mchimbaji, akifukua kwa koleo udongo unaofuka moshi.

"Mbili wapi? Mimi nimeleta moja."

"Nyingine kaileta bwana wako alfajiri."

Kweli, vibao viwili vilichomekwa bega kwa bega, vyote vimeandikwa Botelho. Hapa Furnas volkano ndiyo jiko letu, sufuria tunazifukia kwenye udongo wa moto ziive, na kibao ndicho kinachotuambia chakula kipi ni cha nani.

Mume wangu aliniaga Jumatano, eti anakwenda kisiwa cha pili kupaka kanisa rangi. Akiwa hayupo huwa sifukii sufuria. Leo mama yake alitamani nyama, nikampikia.

Sufuria ya pili ilipotoka, nilikitambua kitambaa kilichofunga mfuniko. Kilikuwa changu, cha maua ya buluu, kile alichoapa mume wangu kuwa kimechukuliwa na upepo. Mvuke ulinukia mnanaa. Miaka kumi na miwili amenikataza kutia mnanaa, eti unamchefua!

Mwanamke mmoja akaja na kikapu, anatabasamu, akasimama kando yangu.

"Haya, hii ya Botelho anaichukua nani?" aliuliza mchimbaji.

"Mkewe," tulijibu kwa pamoja.